Usipumue, Taa Itazimika

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kukumbukwa! Msimamizi wetu wa karakana anastaafu. Nafasi iko wazi. Na nafasi hiyo ina nyumba! Vyumba vitatu, choo ndani, jiko lenye dirisha, nyuma tu ya jengo la kufulia la hospitali. Nimepita pale mara nyingi nikijifanya nakagua mita. Naijua mpaka mlango unaokwama.

Sisi tuko vyumba viwili. Mimi, mama watoto, watoto watatu, na tangu mwaka jana mama mkwe, anayelala sebuleni nyuma ya pazia na kusikia kila kitu. Nikigeuka kitandani, asubuhi ananiuliza nini kilichonisumbua.

Daktari Mkuu katuita wawili: mimi, fundi wa taa, na Bwana Mkoba, fundi wa mashine. Huyu hutembea na mkoba wa ngozi kama wakili anayekwenda kortini. Nimewahi kuuchungulia. Mna bisibisi moja na chakula cha mchana.

Tatizo ni chumba cha eksirei. Juu ya mlango wake kuna taa nyekundu. Ikiwaka, ndani kuna mionzi, usiingie. Ikizimika, anayefuata kwenye foleni anaingia mwenyewe bila kuitwa. Ndivyo watu walivyozoea. Ila taa huwashwa kwa mkono, na mama anayepiga picha husahau. Tunamwita Mama Usipumue, maana kutwa nzima anawaambia wagonjwa vuta pumzi, usipumue, usicheze. Wiki jana kasahau kuwasha, mtu kaingia katikati ya picha akiulizia duka la dawa.

Wakaguzi wa mionzi wanakuja Jumatatu ijayo. Daktari Mkuu kasema atakayeifanya taa ile ijiwashe na kujizima yenyewe, jina lake ndilo litakalopelekwa mbele.

Bwana Mkoba kadakia palepale, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, kwamba kazi hiyo ni ya waya mmoja tu. Toka kwenye kitufe cha mashine mpaka kwenye taa. Mashine ikiandaliwa kupiga, taa inawaka. Ikimaliza, inazimika.

Waya mmoja! Nani alipewa nyumba kwa waya mmoja? Nikasema mimi nitaleta teknolojia. Daktari Mkuu alinikazia macho kwa hamu, au labda alikuwa anazuia chafya. Kaamua nianze mimi, kwa kuwa taa ni kazi yangu. Nikishindwa, aingie Bwana Mkoba.

Nimefika nyumbani nimemwambia mama watoto kwamba cheo nimepata. Nilitaka kusema nimekaribia kupata. Neno likanitoroka. Ameanza kufungasha vyombo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekipata! Kihisi cha mwendo. Jicho jeupe, dogo kama kifuniko cha chupa, linalohisi mtu akisogea. Mtu akiingia chumbani, jicho linamwona, taa nyekundu inawaka. Akitoka, inazimika. Ustaarabu huo!

Nimekifunga darini, chumba cha eksirei, baada ya kazi. Muda wa kujizima nimeuweka mfupi kabisa, foleni isicheleweshwe. Mama Usipumue kaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu dada yangu, wewe piga picha, taa niachie mimi. Kanitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa kuvua shati.

Kisha nikafanya jambo la akili. Ngazi ndefu ya karakana nimeifungia stoo ya rangi na ufunguo nimeutia mfukoni. Bwana Mkoba akitaka kupanda na waya wake, apande hewani. Mchezo umeanza!

Mama watoto anaandika kwenye masanduku kwa kalamu nene. Moja limeandikwa JIKO. Jingine CHUMBA CHA MAMA. Mama mkwe kalisoma hilo la pili mara kadhaa, kisha karudi nyuma ya pazia lake. Sikupenda kuona vile.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeumbuka. Sijui niandike nini.

Asubuhi mambo safi. Mzee mmoja wa kifua kaingia, taa nyekundu ikawaka. Mimi nje, meno yote nje. Ndani Mama Usipumue kamsimamisha mzee ukutani, kajibanza nyuma ya kioo chake cha kujikinga, kamwambia vuta pumzi, usipumue, usicheze. Mzee katii. Katulia kama nguzo. Taa ikazimika.

Taa ikizimika, anayefuata anaingia. Kaingia mama mwenye gongo. Taa ikawaka tena. Mama Usipumue kapiga ukelele, simama hapohapo usisogee! Mama wa gongo kasimama hapohapo, hakusogea. Taa ikazimika. Kaingia kijana aliyevunjika mkono. Naye akaamriwa asimame hapohapo. Taa ikazimika.

Daktari Mkuu alipofungua mlango alikuta watu watano wamesimama kama sanamu, kila mmoja anashikilia pumzi, hata asiyepigwa picha ya kifua. Bahati Mama Usipumue hakuwa amebonyeza kitufe. Alikuwa amekaa chini.

Bwana Mkoba kalieleza jambo hilo ukumbini, mbele ya foleni nzima. Eti katika hospitali yote hii, chumba kile ndicho pekee ambamo mtu anaamriwa asisogee, na mimi ndicho nilichokichagua kukitia jicho lisiloona ila anayesogea. Watu wakacheka. Hata mzee wa kifua alicheka mpaka akakohoa.

Maneno ya mwenye wivu. Kosa ni la muda tu. Muda niliuweka mfupi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nahitaji ngazi nirefushe muda. Ngazi iko stoo. Ufunguo uko kwenye suruali ya Jumanne. Suruali iko ndani ya sanduku.

Sanduku lipi? Mama watoto hakumbuki. Nimelifungua la JIKO, la WATOTO, la CHUMBA CHA WAGENI. Chumba cha wageni! Hatujawahi kuwa hata na kiti cha wageni. Moyo uliniuma kweli. Mama mkwe kauliza kutoka nyuma ya pazia mtu anayehamia nyumba kubwa anatafuta nini kwenye suruali kuukuu. Nikasema natafuta leso.

Sikuiona suruali. Nikaenda kazini, nikaweka kiti juu ya meza. Nilipokuwa juu, meza ikayumba. Nimeanguka kwa makalio mbele ya wagonjwa wa mifupa. Wamenipa pole kwa huruma ya watu wanaoelewa.

Bwana Mkoba kaja na ngazi. Ngazi yake! Ya kukunja, inayong'aa, anayo tangu mwaka juzi. Kaniazima huku anatabasamu. Kumbe siku zote hizi ngazi niliyoifungia nimejifungia mwenyewe.

Muda nimeuweka mrefu kupita yote. Nimemaliza nikiwa nachechemea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu wangu.

Mgonjwa wa kwanza aliingia, taa ikawaka. Kapigwa picha, katoka. Taa ikabaki inawaka, ndio muda wenyewe mrefu. Sawa. Ila Mama Usipumue naye yumo ndani. Anapanga filamu zake za picha, anafuta meza, anajimiminia chai. Kila akisogea, jicho linamwona na kuanza kuhesabu upya.

Nje foleni ilikuwa inasubiri taa izimike. Ndani Mama Usipumue alikuwa anasubiri mgonjwa aingie. Kila upande ukiushangaa upande wa pili. Yeye kasema alidhani leo watu ni wazima. Wao wamesema walidhani ndani kuna mgonjwa mahututi. Kufika adhuhuri wengine wamekwenda zao na vifua vyao.

Daktari Mkuu kaniita ofisini. Hakupayuka. Kaniuliza taratibu kama Jumatatu ninaiona. Nikasema naiona, mheshimiwa. Kasema ikifika Jumatatu hivi hivi, chumba kitafungwa na wagonjwa watapelekwa hospitali nyingine, na mbali, na wengine hawatafika. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bwana Mkoba alikuwa mlangoni na mkoba wake. Kasema yuko tayari hata leo, waya mmoja tu. Nikajibu haraka kuliko nilivyofikiri kwamba mambo yangu yamefika hatua ya mwisho. Daktari Mkuu kashusha pumzi. Kanipa mpaka Jumatatu asubuhi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Hatua ya mwisho: kihisi cha sauti! Mama Usipumue hupaza sauti kila anapopiga picha. Sauti ikisikika, taa iwake. Kimya kikiwepo, izimike. Kwa nini sikuliwaza mapema!

Nimekifunga pembeni mwa mlango, chini kidogo, nisihitaji ngazi ya mtu.

Sikukumbuka kwamba foleni ya eksirei ya kifua imejaa watu wa kifua. Mmoja kakohoa, taa ikawaka. Mwingine kakohoa, ikawaka tena. Wakaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi ukawaongezea kikohozi. Taa ikawa inacheza kama ukumbi wa muziki. Mtoto mmoja kaelewa mara moja, akawa anakohoa makusudi. Mama yake alimfinya, akalia, na taa ikawaka mpaka tukamtoa nje.

Nimekibandua mwenyewe. Mama Usipumue kanipa kikombe cha chai. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Jioni nimekifunga kile cha mwendo nyumbani kwetu, chooni, nikichunguze kwa utulivu. Nimerudisha muda mfupi. Mama mkwe kaingia, taa ikawaka. Baada ya kitambo ikazimika naye yumo. Tukamsikia anaita. Nikampigia kelele apunge mikono. Kapunga. Ikawaka. Ikazimika. Kapunga tena. Katoka amechoka kama aliyetoka kulima, kaniuliza kama kule nyumba kubwa nako mtu ataingia chooni akipunga mikono kama anayeaga meli gatini.

Nimemwambia ni mambo ya kuzoea. Uzee huu, watu hawapendi vipya.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimelala kwa mawazo, nimeamka na jibu!

Nilikihamishia kihisi sebuleni. Feni ilikuwa inapuliza pazia la mama mkwe. Pazia lilipocheza, taa iliwaka. Feni ilipozimwa, pazia likatulia, na taa nayo ikazimika. Nikaruka! Jicho halihitaji mgonjwa asogee. Linahitaji kitu chochote kisogee!

Mpango ni huu. Kifeni kidogo darini, mbele ya jicho. Kwenye kifeni, utepe. Kifeni kikizunguka, utepe unacheza, jicho linauona, taa nyekundu inawaka. Mama Usipumue amemaliza, kifeni kinasimama, utepe unalala, taa inazimika. Na jicho nimelifunika pembeni kwa karatasi ngumu, lisione kitu kingine duniani ila utepe.

Nani atakiwasha kifeni? Hapo ndipo nilipojipongeza. Nimevuta waya. Toka kwenye kitufe cha mashine mpaka kwenye kifeni. Mashine ikiandaliwa kupiga, kifeni kinazunguka chenyewe!

Mama Usipumue alinifungulia chumba ijapokuwa ni siku yake ya mapumziko. Tukajaribu. Imekubali! Tukajaribu tena. Imekubali! Aliufuata ule waya kwa macho toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Utepe nimeupata kwenye sanduku la WATOTO. Suruali nimeiona humohumo, chini kabisa ambako Alhamisi sikufika, na ufunguo wa stoo.

Nyumbani nimewaambia kesho ndiyo kesho. Mama watoto kasema masanduku yote yako tayari, kabaki na sufuria moja ya kupikia. Usiku tumekula kwa zamu, sahani zimebaki mbili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wakaguzi walikuwa wawili. Mkubwa wao ni mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni. Hasemi sana.

Kamwagiza Mama Usipumue aandae mashine. Nje tukasikia kifeni, vrrr. Taa nyekundu ikawaka! Akaagiza asitishe. Ikazimika! Akarudia. Ikawaka, ikazimika! Daktari Mkuu alinigusa bega. Nitaukumbuka mguso ule mpaka nife. Bwana Mkoba aliushusha mkoba chini. Nikaiona nyumba, nikaliona jiko na dirisha lake, nikamwona mama mkwe na mlango wake mwenyewe wa kufunga.

Kisha mkaguzi kauliza ile sauti ya vrrr ni ya nini.

Tukaingia. Katazama juu. Kaona kifeni. Kaona utepe, wa waridi, wenye vipepeo. Kaona jicho na karatasi yake. Kavaa miwani. Kauliza waya ule mwekundu unatoka wapi. Nikasema kwa fahari, kwenye kitufe cha mashine. Kauliza unakwenda wapi. Nikasema kwenye kifeni. Kauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama waya umeweza kufika kwenye kifeni, taa imekosa nini.

Nikatazama kifeni, kisha taa, kisha waya.

Hakuna aliyesogea. Palepale utepe ukachomoka, ukaelea, ukatua begani kwa Daktari Mkuu.

Bwana Mkoba kafungua mkoba. Katoa bisibisi. Kapanda ngazi yake. Kachomoa waya wangu kwenye kifeni, kaupeleka kwenye taa. Waya wangu! Mkaguzi hakupata hata nafasi ya kumaliza chai aliyokaribishwa. Kajaribu, kaandika, kasema chumba kimepita. Wagonjwa wa foleni wakapiga makofi.

Niliwahi kusema kwamba waya niliuvuta mimi. Hakuna aliyesikia. Mashine ilikuwa inaandaliwa, na kila mtu alikuwa anaitazama taa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Tangazo limebandikwa. Msimamizi ni Bwana Mkoba. Kazi yangu ya kwanza chini yake imekuwa kupanguza vumbi nyumba ya msimamizi na kuweka balbu mpya. Nimeweka balbu chumba kwa chumba. Ule mlango unaokwama, nimeutengeneza. Sijui kwa nini nimeutengeneza.

Jioni nimemwambia mama watoto ukweli. Wote, tangu Jumatatu ile. Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Kaniuliza jambo moja tu, kama jiko lile kweli lina dirisha. Nikasema linalo. Kasema basi. Kisha kaanza kufungua masanduku, akitoa sahani moja moja na kuzipanga palepale zilipokuwa.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nimelia, nakiri. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mama mkwe kasema kutoka nyuma ya pazia kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza. Eti huwa naota kwa sauti, na kila usiku nilikuwa naiomba nyumba. Aliyekwisha kupewa haombi. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Kasema aliona mwanawe anaimba akifungasha, akasema mwache aimbe wiki moja. Kisha akaniambia nilale, baba, nyumba hazijaisha duniani.

Sikulala.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Sikuandika jana. Sikuwa na la kuandika. Nimekwenda kazini, nimerudi. Watu wa foleni sasa wananiita Bwana Utepe.

Leo Msimamizi Mkoba kaniita. Ana meza sasa, na mkoba upo juu ya meza. Kaniambia swichi ya chumba cha maiti imekufa, nikaweke mpya. Karudia, swichi tu. Kisha karudia tena, akinyoosha kidole, swichi tu, ndugu yangu, nakuomba.

Nimekwenda kupaangalia. Pametulia sana. Hakuna foleni. Hakuna anayekohoa. Hakuna wa kuambiwa usipumue. Mhudumu wa pale ni mtu mpole, akikaa kwenye stuli yake ya kona hasogei hata nzi akimtua. Kaniambia anaogopa jambo moja tu katika kazi yake, giza. Maskini. Na mimi nimsaidie kwa swichi, kitu ambacho mtu anaweza kukisahau?

Jicho langu jeupe bado ninalo. Halina hata mkwaruzo. Muda nitauweka mfupi, umeme usipotee bure. Daktari Mkuu akija kuona chumba kinachojiwashia taa chenyewe, atajua alimpa nani cheo na alimnyima nani. Na Bwana Mkoba naye si kijana, atastaafu.

Nimemwambia mama watoto lile sanduku la mwisho, la CHUMBA CHA MAMA, asilifungue kwanza.